Neno la Mlangoni

Nyumbani kwa Sifael, kijiji kimoja cha juu huko Marangu, palikuwa na sheria moja tu kwa mtu aliyekuja kuangalia filamu Jumapili mchana: usivuke kizingiti kurudi kwako kabla hujasema neno juu ya ulichokiona. Si hotuba. Neno. Sheria hiyo aliitunga Ruth, mke wa Sifael, siku alipochoka kuona watu wanakula karanga zake, wanapangusa midomo na kuondoka kama waliotoka kwenye mkutano wa kijiji. "Angalau mseme kama ilikuwa tamu au chungu," aliwaambia, akasimama mlangoni na ufagio mkononi. Tangu siku hiyo likaitwa neno la mlangoni, na watu wakalipenda kuliko filamu zenyewe. Walutheri waliotoka ibadani na Wakatoliki waliotoka misani, ambao asubuhi walipishana njiani kila mmoja na kitabu chake cha nyimbo, mchana walibanana kwenye benchi moja na kubishana kama jambazi alistahili kufa au angepewa nafasi ya kutubu.

Katika kusema neno hilo hakuna aliyemfikia Mzee Wenseslaus. Alikuwa fundi seremala mstaafu, na nusu ya milango ya kijiji ilitoka mikononi mwake. Neno lake lilikuwa fupi, limepimwa na kukatwa kama ubao. Juu ya filamu moja ya vita alisema, "Wamekufa wengi, lakini sikuona hata mmoja akichimbiwa kaburi." Juu ya filamu ya mapenzi alisema, "Wale wawili wanapendana sana, ila hakuna anayepika." Maneno hayo yalizunguka migombani wiki nzima. Mathew, kijana mpagazi, aliyapandisha mpaka kambi za mlimani, akawachekesha nayo wenzake waliochoka.

Mzee alikuwa na kiti chake kando ya dirisha, na kulia kwake alikaa Hilda, bintiye kitinda mimba, aliyefanya kazi Bomang'ombe na kurudi nyumbani kila mwisho wa juma tangu mama yake alipofariki. Filamu ikiendelea, Hilda alimwinamia baba yake na kumnong'oneza. Watu walisema, tazama mapenzi ya binti na baba. Wenseslaus alitaka waone hivyo hivyo. Ukweli, ambao aliamini unajulikana na wao wawili tu, ni kwamba sikio lake la kushoto liliuawa na mashine ya kuranda mbao, na la kulia lilisikia kwa shida, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani kupitia ukutani. Mazungumzo ya ana kwa ana aliyafuata kwa kutazama midomo, na humo alikuwa hodari. Lakini filamu, ambazo Kindness, binti wa Sifael, alizileta kutoka Moshi mjini, zilikuwa za ng'ambo, zimetiwa sauti za Kiswahili. Midomo ilikwenda njia yake na maneno njia yake. Bila Hilda, mzee angekaa pale kama ng'ombe kanisani.

Ndiyo maana posa ya Hilda ilikuwa imekwama.

Mchumba mwenyewe aliitwa Denis, mwalimu wa Mkuu, huko Rombo. Kijana mtaratibu, asiye na doa. Kwetu baba wa binti hajibu posa kwa mdomo. Upande wa mvulana huleta mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, huimimina katika kata ya kibuyu, humkabidhi. Akinywa, amekubali. Asipokunywa, kila mtu huaga kwa adabu na kwenda zake. Na mbege haina subira. Ukiichanganya leo, kesho ni tamu, kesho kutwa inauma ulimi, na baada ya hapo ni ya nguruwe. Kwa hiyo kila safari ya kuposa huanzia kwenye ulezi: uloweke, uuoteshe, uuanike, uusage, upike ndizi, utafute gome la msesewe la kutia uchungu. Kazi yote hiyo alikuwa ameifanya mama yake Denis, mjane aitwaye Dominika, tena kwa mikono yake.

Safari ya kwanza Wenseslaus alisema tumbo halimpi raha. Safari ya pili alisema dawa za presha zinamkataza. Ndelilio, binamu yake, aliyekuwa mshenga wa jambo hilo, alitazama chini mara zote mbili. Wageni walipoondoka mara ya pili waliacha pipa barazani, wakitumaini tumbo la mzee litabadili mawazo. Hakuligusa. Alilinusa likichacha siku baada ya siku, mpaka Hilda alipolimwaga, akaliosha na kulipeleka kwa Ndelilio lirudishwe Mkuu. Hakusema lolote. Laiti angegombana naye, mzee angejua pa kushika.

Jumapili hiyo, basi, watu walijaa kama kawaida. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mibuni, na Ruth alikuwa amewasha jiko la mkaa sebuleni.

"Shikamoo babu," alisema Mathew akimpisha.

"Marahaba. Leo kuna vita?"

"Kindness anasema kuna farasi."

Farasi alikuwepo, mmoja, naye alipita mwanzoni akivuta mkokoteni, akaishia hapo. Filamu yenyewe ilihusu mzee aliyeishi na binti yake katika nyumba ya mawe juu ya kilima. Kijana wa bonde la pili alimpenda yule binti. Watu wa kijana wakapanda kilima kuja kuposa, wakiwa na mikate mikubwa iliyookwa na mama yake. Mzee alipowaona kwa mbali, akachukua ngazi, akapanda juu ya paa na kuanza kugonga vigae.

Sebule nzima ilicheka. Wenseslaus naye alicheka, akamwegemea Hilda. "Anasema nini?"

"Anasema paa linavuja, baba."

Wageni walikaa uani wakisubiri, wakala mikate yao wenyewe, wakaenda. Mwaka ukapita, wakarudi na mikate mingine. Mzee akaitafuta ngazi.

"Anasema nini sasa?"

Hilda alikawia kidogo. "Anasema... mvua iko karibu. Hawezi kushuka."

Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Mtu alikohoa. Sifael alianza kutafuta kitu chini ya meza, asikipate. Wenseslaus alihisi shingo yake ikipata moto, naye hakuuliza tena. Lakini Hilda aliendelea kumnong'oneza, kwa sababu ndiyo kazi aliyozoea, neno kwa neno, visingizio vyote vya yule mzee vikitoka kinywani mwa binti yake na kuingia sikioni mwake: kwamba kigae kimoja kikiachwa nyumba nzima itaharibika, kwamba wageni waje wakati wa kiangazi, kwamba yeye ni mtu wa kazi, hana muda wa maneno.

Mwaka wa mwisho wageni hawakuja. Mzee alikaa juu ya paa akiitazama barabara mpaka jua likazama. Akashuka. Binti akamwekea chai. Hakuna aliyesema kitu, na Hilda naye hakuwa na la kunong'ona. Majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

Ruth alichukua ufagio wake, akasimama mlangoni, ila siku hiyo alionekana kama angependa kuwa jikoni.

"Haya," alisema Sifael, "nianze mimi mwenye nyumba. Picha nzuri, milima inafanana na yetu. Lakini mzee kagonga vigae miaka yote ile na sikuona hata kimoja kikikaa sawa."

"Mimi nimemhurumia mama wa kijana," alisema Ruth. "Unga wote ule. Kukanda kule. Halafu unarudi na kikapu."

Mathew alijikuna kichwa. "Mimi, kusema kweli, stori iko slow. Hamna kupigana, hamna gari, na farasi mwenyewe katuaga dakika ya kwanza. Lakini nilikaa mpaka mwisho, sijui kwa nini."

Gladness, jirani mjane, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya korongo, hakujikuna popote. "Mzee yule mbinafsi! Angekuwa baba yangu, angepanda juu, mimi ningeondoa ngazi. Akae huko na kunguru."

Wenseslaus aliyaona maneno hayo yote vizuri, moja moja, midomoni mwao. Zamu ikamfikia Ndelilio. Binamu yake alifunga kifungo cha koti, akakifungua.

"Mimi sina neno," alisema. "Mzee huyo naona kama namfahamu."

Ndipo Hilda aliposimama. Alisimama akiwatazama wenzake, na baba yake, aliyekuwa nyuma ya bega lake, aliona kisogo chake na kitambaa cha kichwani tu. Alijua anazungumza kwa sababu kitambaa kilitikisika. Aliwaona watu wakimsikiliza. Aliona Gladness, ambaye hajawahi kuinamisha kichwa hata mbele ya mtendaji wa kata, akiinamisha kichwa. Ruth alipangusa jicho kwa kanga. Hilda alipomaliza, aliketi, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kuja kwenye nyumba hiyo, hakumwinamia baba yake kumwambia kilichosemwa.

Wenseslaus alichukua fimbo yake, akasimama na kutoka. Ruth alisogeza ufagio, akampisha bila kumdai neno.

Hilda alimfikia kwenye njia inayofuata mfereji, pale maji yanapoingia migombani. Mzee alitangulia, kisha akageuka ghafla ili amwone mdomo.

"Ulimpangia Kindness. Ulimwambia alete ile picha nichekwe mbele ya watu."

"Hapana, baba."

"Usinidanganye."

"Baba, Kindness mwenyewe alidhani ni ya farasi. Hata hajaiangalia. Ningejua ningebaki nyumbani kukuna nazi. Unafikiri mimi ilinifurahisha kukunong'oneza yale?"

Mzee alimtazama. Uso wa Hilda ulikuwa uso wa mama yake, na mama yake alikuwa hawezi kusema uongo hata kwa mgeni aliyeuliza kama chakula kimebaki. Hasira ikamtoka, ikamwacha na kitu kingine kizito zaidi, asichokuwa na pa kukiweka.

"Ulisema nini kule ndani?" aliuliza. "Niliona wameinama wote. Gladness ameinama."

Hilda alisogea upande wake wa kulia, kama alivyozoea, akamshika mkono.

"Nilisema ninyi nyote mmemwangalia mzee akipanda. Mimi nilimwangalia akishuka. Miaka yote ile hakuna mtu aliyesimama chini ya ngazi akamwuliza, huko juu unaogopa nini? Hata binti yake hakuuliza. Alimwekea chai, akadhani ndiyo heshima. Nikasema makosa yalikuwa ya wawili."

Maji yalipita miguuni mwao. Mzee aliyatazama kana kwamba aliwahi kuyaagiza na sasa anayakagua.

"Basi nakuuliza sasa," alisema Hilda. "Baba, unaogopa nini? Kama ni Denis, niambie. Kama ni kwa sababu ni Mrombo, niambie pia."

"Warombo wana kosa gani?" alisema mzee. "Ndizi zao ndogo tu." Alitaka kuishia hapo, kwenye mzaha, kama mtu anayeishia barazani asiingie ndani. Lakini mkono wa binti yake ulikuwa bado umemshika. "Unakumbuka Jumapili ile uliyokuwa na homa, ukabaki Bomang'ombe?"

"Nakumbuka. Uliniambia filamu ilikuwa nzuri."

"Sijui kama ilikuwa nzuri. Nilikaa pale. Wakicheka, nacheka. Wakinyamaza, nanyamaza. Nikajiambia, mbona ni rahisi. Halafu Mathew akageuka akamwambia mwenzake kitu, wakacheka, nami nikacheka kwa nguvu, ili wajue nimo. Kumbe wao walicheka mambo yao. Kwenye televisheni alikuwa anazikwa mtoto. Nikamwona Ruth ananitazama, machozi yamefika hapa." Aligusa shavu lake. "Zamu yangu ilipofika nilisema, nzuri. Neno moja. Nikatoka. Usiku nilikula ugali wa jana nikiwa nimesimama."



"Ukienda Mkuu," mzee aliendelea, "sitakufa. Najua kupika, najua kufua. Kahawa nitaivuna. Lakini nitakuwa mtu anayecheka mazishini, Hilda. Kidogo kidogo watu watanikwepa. Watasema mzee kachanganyikiwa. Na mimi nimekuwa mtu wa maana katika kijiji hiki."

"Kwa nini hukuwaambia kwamba husikii?"

"Niwaambie akina nani? Gladness? Kesho watajua mpaka Himo."

"Hata Gladness, baba." Sauti yake ilikuwa na kilio na kicheko ndani yake. "Mimi siwezi kukuchagulia. Ukiniambia nibaki, nitabaki, nami sitakununia. Nitakuwekea chai. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha mlango usiofunguka si mlango, ni ukuta wenye bawaba."

"Mimi nilisema hivyo?"

"Uliposhindwa kufungua wa padre."

Mzee alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka kabla hajakizuia. Alifikiria mikono ya Dominika, mwanamke ambaye alimwona mara mbili tu, ikichambua ulezi juu ya ungo kwa ajili ya mtu anayedai tumbo. Alifikiria pia kwamba hakuwahi kumwona Hilda akikimbia kwa furaha tangu alipokuwa msichana wa shule, na kwamba labda alikuwa anakimbia huko Mkuu, mahali yeye hakuwepo kumwona. Alishika fimbo yake vizuri, akageuza njia.

"Unakwenda wapi?"

"Nimetoka bila kusema neno. Mtu mwenye adabu hafanyi hivyo."

Walikuwa bado wapo wote. Walikuwa wakizungumza kwa sauti ya chini, na walipomwona mlangoni wakaacha, kama watoto waliokutwa na sukari. Ndelilio alikuwa ameshavaa kofia. Wenseslaus alisimama katikati ya sebule, mbele ya televisheni iliyozimwa, na kwa mara ya kwanza katika nyumba hiyo hakuwa amelipima neno lake kabla ya kulikata.

"Mimi sisikii," alisema. "Sikio la kushoto limekufa zamani na la kulia liko njiani. Yale yote mliyonisifia, nilikuwa nasikia kwa mdomo wa Hilda. Bila yeye sijui hata nani kamwua nani. Ndilo neno langu."

Hakuna aliyeshangaa. Hilo ndilo lililomshtua. Alitazama uso hadi uso, akakuta macho ya upole tu, na Gladness akajitahidi kadiri ya uwezo wake kuzungumza polepole, akiikunjua midomo kama mwalimu wa chekechea.

"Meku wetu, mzee wetu, tunajua! Wewe ulidhani tunadhani anakunong'oneza rozari?"

"Mnajua?"

"Tangu lini kiti chako kiko dirishani?" alisema Ruth. "Zamani ulikaa kule kwenye kona. Nani alikihamisha, ili watu wakizungumza mwanga uwe usoni mwao? Mimi na mgongo wangu."

"Na ile siku ulicheka mazishini, babu," alisema Mathew, "mlimani nilisema ulicheka kwa sababu mwigizaji wa maiti alipepesa jicho. Wakakusifu kwa kuwa na jicho kali."

Watu walicheka, na mzee aliona wanacheka nini, akacheka pamoja nao. Alikaa. Kisha akamtazama Ndelilio, akanyoosha shingo kama anavyotakiwa baba wa binti.

"Binamu. Waambie watu wa Mkuu waloweke ulezi."

Ndelilio alivua kofia. Kwa kitambo hakujua afanye nini nayo. Halafu akatoka mbio nje, mzee mzima, akaenda kusimama kwenye mibuni ambako mtandao hupatikana, na sauti yake ikasikika mpaka ndani akiita, "Halo! Halo, Mama Denis!" Akarudi mpaka mlangoni akiwa ameishika simu mbele yake kama yai, spika imefunguliwa, na sauti ya Dominika ikajaa sebuleni.

Wenseslaus aliona kila mtu amepasuka kwa kicheko. Akamgeukia Hilda, lakini Hilda hakuwepo tena karibu yake. Aliyekuwepo ni Gladness, ambaye alivuta kiti, akaweka mkono kwenye bega la mzee na kumpigia kelele sikioni:

"Anasema ulezi umeshaota, ameuanika juani tangu juzi! Anasema Mungu alimwambia asikate tamaa! Wewe chagua siku tu! Na safari hii usipokunywa, atakumwagia kichwani!"

"Mwambie Jumamosi," alisema mzee akijishika sikio. "Na nitakunywa, sitaki kulowa."

Alimtafuta binti yake, akamwona dirishani. Alikuwa nje, amewapa mgongo, simu yake iko sikioni, na kwa mkono wa pili alikuwa anang'oa majani ya mbuni moja moja bila kujua, akiyaangusha miguuni, akisema na mtu, Denis bila shaka, na kuitikia kwa kichwa, kisha akisema tena.

"Jamani, ananimalizia kahawa yangu," alisema Ruth.

"Mwache," alisema Wenseslaus. "Mwache ang'oe."